Kufunga ringi za pistoni ili injini isile oili

Injini inayokula oili na kutoa moshi wa samawati haitaponywa na ringi mpya, yaani pete zinazozunguka pistoni na kuziba nafasi kati yake na silinda, iwapo silinda zake hazikuandaliwa. Ukuta wa silinda usiachwe uking'aa kama kioo. Usuguliwe kwa mawe ya honi, yaani mawe ya kusugulia silinda, hadi mistari yake ipishane kwa pembe inayokaribia nyuzi 45, kwa sababu mifereji hiyo midogo ndiyo inayohifadhi utando wa oili huku ringi zikizoea ukuta. Kisha uoshwe kwa maji ya moto na sabuni, wala si kwa petroli peke yake, ambayo huacha unga wa jiwe.

Ingiza kila ringi ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, halafu pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibao vyembamba vya kupimia mianya) na uulinganishe na kitabu cha injini husika.

Ringi ya pili kutoka juu ndiyo inayowaponza mafundi wengi. Mara nyingi uso wake huchongwa kwa mshazari kidogo ili ukingo wa chini uikwangue oili na kuirudisha kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ikifungwa kichwachini, huipandisha oili hadi kwenye chumba cha mwako. Kwa hiyo nukta au neno TOP lililo kwenye ringi lielekee juu daima.

Katika ringi ya oili ya vipande vitatu, ncha za springi ya katikati zigusane bila kupandana, la sivyo reli zake, yaani vipande viwili vyembamba vya juu na chini, hazitabana ukuta. Kabla ya kuirudisha pistoni, tawanya mianya ya ringi ili isipangane katika mstari mmoja.