Kayaki ya mbao na turubai, unaifunga mwenyewe hapo hapo uani

Huku Kigoma ukisema unaunda chombo watu wanajua ni mbao nene na misumari, sasa hii ni kitu kingine kabisa. Ni kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, ya kizamani ya Wainuit, wenyeji wa Greenland kwenye barafu huko kaskazini, mifupa ya mbao nyembamba inafungwa kwa uzi alafu inavalishwa ngozi ya sili, mnyama wa baharini. Sili hatuna ila turubai la pamba lipo, na uzi wa nyavu unapatikana kirahisi tu kwa wavuvi, kwa hiyo kazi inawezekana.

Vipimo vipo mwilini mwako. Urefu ni pima zako tatu, yaani nyoosha mikono yote miwili, pima ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, zidisha kwa 3, mwenye mita 1.70 anapata kama 5.10. Upana ni nyonga zako jumlisha ngumi mbili. Kina pale nyuma ya mgongo ni ngumi moja na dole gumba limesimama. Ndo maana kayaki ya shemeji yako usiiige hata kama ni nzuri vipi, itakubana au itakupwaya.

Mbao chukua paini iliyonyooka isiyo na macho, mninga achana nao, mzito na bei yake unaijua. Mbao mbili ndefu za pembeni, sm 2 kwa 7 hivi, zibane ncha kwa ncha, katikati uzitanue kwa vipande vya kukingamisha mpaka upate upana wako. Upande wa chini toboa matundu kwa patasi kila baada ya sm 15, humo ndo yataingia mataruma, yaani mbavu za chombo.

Mataruma ndo penye kazi. Tumia mti mbichi au mianzi iliyopasuliwa, unene milimita 8 tu, loweka, alafu chemsha kwa mvuke. Tengeneza sanduku refu la mbao, ingiza mvuke kutoka kwenye birika lililo jikoni, kama dakika 15 zinatosha. Ukitoa taruma una sekunde chache tu, vaa glavu, likunje taratibu huku dole gumba likisukuma kwa ndani, ukisikia linalia kra kra upande wa nje simama hapo hapo. Chomeka ncha kwenye matundu bila gundi. Ya katikati yawe bapa chini, ya kuelekea omo (mbele) na tezi (nyuma) yachongoke. Mengine yatavunjika, kata mengi ya akiba.

Sasa mkuku, ule mti mrefu wa chini katikati, na fito mbili za ubavuni zifunge kwenye kila taruma kwa uzi, na uzi upake nta ya nyuki kwanza (ya Tabora ipo kibao) fundo lisiteleze. Msumari hapana, wimbi likipiga fremu inatakiwa inyumbuke kidogo, ukipigilia misumari mbao nyembamba hivi inapasuka pale pale kwenye tundu.

Turubai livute kwa nguvu, shona mstari wa katikati juu, shonea na duara la mbao la tundu la kukalia, mwagia maji lijikaze, acha likauke kabisa kabisa. Alafu rangi ya mafuta mikono mitatu minne, wa kwanza uchanganye na tina nyingi ili uzame kwenye kitambaa.

Kasia ni ubao mmoja wenye bapa pande zote mbili, hiyo fundi yeyote anakuchongea.

Kabla ya kuingia ziwani sukumia huko omo na tezi madumu matupu yaliyofungwa vifuniko, ili ukipinduka isizame, vaa laifu jaketi, na anzia maji ya kiunoni asubuhi. Miezi ya kusi, kuanzia Mei, Tanganyika haina utani. Na ufukwe wetu una mawe, usiiburute, ibebe begani, ikichanika bandika kiraka cha turubai kwa rangi hiyo hiyo, ikauke ndo urudi majini.