Kabla Hujakubali Kusimamia Mkondo wa Mada: Mambo ya Kuzingatia

Kongamano la programu za kompyuta likiendeshwa na watu wa kujitolea, kamati hushughulikia ukumbi, fedha na tarehe, kisha huwagawia wengine vyumba. Unapewa chumba kimoja kwa siku moja, yaani mkondo mmoja wa mada, na kuambiwa: hiki chako, kijaze wewe na wenzako. Ndivyo unavyoendeshwa mkutano wa FOSDEM kule Brussels, ulioanzishwa mwaka 2000. Vyumba vingi vya pale husimamiwa kila kimoja na kundi lake, na mtu huingia bila kiingilio wala kujiandikisha. Utaratibu huo unatufaa na sisi visiwani, maana kamati ya watu wachache haiwezi kujua nani ana la kusema kuhusu ramani, nani kuhusu usalama wa mitandao, nani kuhusu programu za skuli.

Ila kwa kuwa hakuna anayelipwa, jambo lisiloandikwa jina la mtu huonekana ni la wote, na la wote halina mwenyewe. Kwa hiyo kila ninalolitaja hapa chini liandikwe jina pembeni yake. Si "kamati" wala "vijana wa IT": jina la mtu na namba yake ya simu.

Nitachukua mfano wa mkondo wa ramani na data huria (zilizo wazi kwa yeyote kuzitumia), Unguja, siku moja, chumba cha watu sitini.

Mada na wenyewe

Andika kwanza sentensi moja inayoeleza mkondo, yenye makali ya kukata. "Teknolojia kwa maendeleo" haikati kitu. Kila atakayeomba ataingia. "Jinsi ramani huria zinavyotengenezwa na kutumika Unguja na Pemba" inakata. Aliyetengeneza programu ya kuwekea nafasi za hoteli, hata kama ndani yake mna ramani, utamwelekeza chumba kingine bila ugomvi, na aliyepima visima vya shehia yake kwa simu atajua kwamba anatafutwa yeye.

Usianze kwa kudhani watu hawapo. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Benki ya Dunia walishirikiana kuvipiga picha visiwa hivi kwa droni ndogo, na wanafunzi wa SUZA walikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo. Miaka miwili baadaye kongamano la kimataifa la programu huria za ramani, FOSS4G, lilifanyika Dar es Salaam. Waliopitia kazi hizo wangalipo maofisini na vyuoni. Wengi wao hawatajibu tangazo, watajibu simu. Wito wa mada utangazwe, lakini orodha ya watu wa kupigiwa nayo iwepo, na nusu ya orodha hiyo iwe wanawake. Ukingoja waje wenyewe utapata ratiba ya wanaume watupu na utabaki kuomba radhi.

Fomu ya wito iulize machache: mada kwa maneno mia na hamsini, lugha atakayozungumza, anatoka wapi na nauli atajilipia au la, anahitaji vifaa gani, na anakubali kurekodiwa au hakubali. Pretalx, programu huria iliyotengenezwa Ujerumani, inapokea maombi, inakusanya alama na kuchapisha ratiba. Kwa mkondo mmoja, fomu ya kawaida na jedwali la kompyuta vinatosha.

Wasomaji wa maombi wawe watatu, na kila mmoja atoe alama peke yake kabla hamjakaa pamoja. Mkikaa kwanza, wa mwanzo kusema atawavuta wengine, khasa akiwa ndiye mkubwa wenu. Waliokosa waandikiwe siku ileile wanayoandikiwa waliopata. Kisha weka akiba ya watoa mada wawili na uwaambie ukweli, kwamba ni wa akiba na wataitwa kukitokea pengo. Mtu akijua hivyo huja amejiandaa. Ukimficha, ataona umemfanya kiraka.

Tarehe, saa na mgeni rasmi

Tarehe huamua kamati, lakini wewe uwe na neno. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, basi tazameni kalenda ya mwaka wenyewe, si ya mwaka jana. Masika, Machi hadi Mei, huharibu safari na njia za ndani. Julai inavutia kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani tarehe 7, lakini ndio msimu wa watalii, na chumba cha kulala Mji Mkongwe hupanda bei wakati ambao nyinyi hamna kitu. Ijumaa iacheni kabisa. Jumamosi na Jumapili kumbi za chuo huwa wazi.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo hasa kazi yako. Kwa siku ya pili ya kongamano, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana una dakika mia na themanini. Toa nusu saa ya chai. Zinabaki za mada tano, kila moja nusu saa: dakika ishirini za kuzungumza, tano za maswali, tano za kubadilishana waya na kukaa sawa. Saa sita hadi saa nane ni chakula na sala ya adhuhuri, na usijaribu kuuminya muda huo. Kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu weka mada tatu, mmalize kabla ya alasiri. Jumla ni mada nane. Utashawishika kutia kumi, nawe usitie. Zile dakika tano za kubadilishana zikiliwa na mada ya tisa, chumba kizima kitachelewa hadi jioni.

Nimesema siku ya pili kwa makusudi. Siku ya kwanza ina ufunguzi, ufunguzi una mgeni rasmi, na mgeni rasmi ana shughuli zake, kwa hiyo saa tatu inaweza kuwa saa nne na robo. Baada ya hapo kuna meza kuu ya kutambulishwa mmoja mmoja (hata mshereheshaji akisema itifaki imezingatiwa, ataizingatia tena), hotuba, picha ya pamoja. Mtoa mada wako wa kwanza amekaa na laptopu mapajani anaona muda wake unayeyuka. Kama kamati imekupangia siku ya kwanza, omba mkondo wako uanze baada ya chakula cha mchana.

Mada isisogezwe mbele wala nyuma mara ratiba ikishachapishwa. Watu wanatoka chumba kimoja kwenda kingine wakifuata saa. Mtoa mada asipotokea, mwite wa akiba, na kama naye hayupo chumba kikae kimya nusu saa watu wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Kumwambia wa saa tano apande saa nne na nusu ni kuwadhulumu waliopanga kuja kumsikiliza yeye. Na ratiba ichapwe kwa saa zetu, "saa 3:00 asubuhi", kisha kwa wageni iongezwe safu ya 09:00. Safu moja tu ya tarakimu bila neno asubuhi au mchana italeta mtu saa tisa alasiri kuulizia chai.

Nani atamkatisha mzee

Hili huwa halimo katika miongozo ya Ulaya. Kijana akipitisha muda ni rahisi, unasimama. Lakini mhadhiri aliyewafundisha nusu ya waliokaa, au mzee wa idara ya ardhi aliyepima mipaka ya mashamba kwa mnyororo kabla hamjazaliwa, nani atasimama kumwambia "muda umekwisha, Mzee"? Kijana wa kujitolea hatathubutu, na akithubutu chumba kitamchukia.

Basi lipange kabla. Mwenyekiti wa kikao hicho awe mtu wa umri wake au anayemkaribia. Mwendee mzee siku chache kabla, kwake au kwa simu, umweleze: "Mzee, tumekuwekea dakika ishirini, na baada yako kuna mwanafunzi ametoka Wete kwa boti, tunaomba umwachie nafasi yake." Akishajua kuna mtoto wa watu anangoja, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayetazama saa. Halafu binti au kijana aketi safu ya mbele na kadi tatu za rangi: dakika tano, dakika moja, basi. Kadi ya mwisho haishushwi mpaka mtoa mada aione, na mwenyekiti ainuke palepale, ashukuru kwa sauti, aanzishe makofi. Makofi yanamaliza hotuba kwa heshima.

Kwa maswali, tangaza mwanzo wa kila kikao kwamba swali ni sentensi moja. Wako watakaoanza na "nina mchango kidogo". Maiki isitoke mkononi mwa mjitoleaji; aielekeze yeye mdomoni mwa mwulizaji, asiikabidhi.

Umeme, waya na intaneti

Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari unaoingilia Fumba. Hitilafu iliyotokea Disemba 2009 iliacha kisiwa bila umeme huo kwa takribani miezi mitatu. Waya wa megawati 100 uliozinduliwa 2013 uliondoa hofu ya aina hiyo, na sasa kinachoua kikao ni kukatika kwa robo saa. Uliza mambo matatu kwa mwenye ukumbi: jenereta lipo, linafika chumba chako au linaishia ofisi ya mkuu, na nani ana funguo zake Jumamosi. Uliza pia kama mita ya ukumbi ni ya tukuza, yaani ya kulipia kabla, na salio nani anaongeza. Hata jenereta likiwapo, projekta na ruta ziwe kwenye UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, kwa sababu projekta ikizimika ghafla huchukua dakika kadhaa kuwaka tena, na dakika hizo ni za mtu.

Nenda ukumbini mwenyewe ukiwa na laptopu. Usikubali kuambiwa "projekta ipo". Ipo, lakini ina VGA tu, tundu la waya la zamani, au waya wake ni mfupi na meza iko mbali, au saa nne jua linapiga ukutani na ramani ya rangi hafifu haionekani. Keti safu ya nyuma usome jina la kijiji kwenye picha. Katika sanduku la chumba tia waya mrefu wa HDMI, adapta ya USB-C, adapta ya VGA, ekstensheni mbili za pini tatu, plagi ya mgeni mwenye pini mbili, betri za maiki na gundi ya karatasi ya kubandikia nyaya sakafuni.

Mkondo wa ramani una ugonjwa wake wa peke yake: kila mtu anataka kuonyesha ramani moja kwa moja kutoka mtandaoni. Watu sitini wakishika Wi-Fi moja, ramani itabaki miraba ya kijivu. Waandikie watoa mada wiki mbili kabla: pakueni vipande vya ramani vya eneo lenu, fungueni mradi wa QGIS, programu huria ya ramani, mkiwa mmezima intaneti mwone kama unafanya kazi, na mtume slaidi kwa PDF siku moja kabla. PDF hizo ziwe kwenye laptopu ya chumba na kwenye fleshi. Nunueni bando la akiba kwa mtandao wa simu usiokuwa ule wa ukumbi.

Atakuwapo pia atakayetaka kurusha droni uwanjani. Kurusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kibali hakipatikani asubuhi ya tukio. Mwambie ailete iwekwe mezani watu waishike.

Wanaosafiri, wanaorekodiwa

Anayetoka Pemba au Dar es Salaam alale Unguja usiku wa kuamkia siku yake. Boti ya kasi kutoka Dar ni kama saa mbili, lakini bahari ya kusi ikichafuka boti zinaweza kusitishwa, na mtoa mada aliyefika anatapika hana mada. Wageni wa kigeni waelezwe katika barua ya mwaliko kuhusu bima ya lazima ya wageni, dola 44, iliyoanza Oktoba 2024. Wengine hugundua uwanja wa ndege. Kama mmeahidi nauli, ipelekwe kabla ya safari. Mwanafunzi hawezi kukukopesha.

Kurekodi kunataka ruhusa ya maandishi kutoka kwa mtoa mada na leseni ya video iliyotajwa mapema; Creative Commons ya kutaja jina, inayomruhusu yeyote kuitumia video mradi amtaje mwenyewe, ndiyo inayotumiwa FOSDEM. Kwa wasikilizaji, tengeni safu za upande mmoja ambazo kamera haizifikii, mbandike karatasi, kwa sababu wako kina dada watakaokuja kujifunza na hawataki sura zao mtandaoni. Sauti ichukuliwe kutoka kwenye maiki, si kwenye kamera. Feni za dari hufunika kila neno. Na aliyeandikwa kukata video awe mtu ambaye hakuandikwa kazi nyingine siku hiyo, apewe na tarehe ya kuzimaliza. Video zisizo na tarehe hukaa kwenye diski mpaka kongamano la pili.

Vijana wa chumba wapate chakula kabla ya watu, saa sita kasorobo, kwa zamu. Chumba kikijaa, mmoja asimame mlangoni na kibao cha "pamejaa" na asimpitishe mtu, hata ndugu yake. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, mpigie kila mtoa mada, wale wawili wa akiba, na mwenye funguo za ukumbi, umwulize huyu wa mwisho atafika saa ngapi na nani atafungua akiwa amechelewa.