Kampuni ya intaneti ikikufungia Usenet

Mwaka 2008 kampuni kadhaa za intaneti Marekani, Time Warner Cable ikiwemo, zilifunga seva zao za Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano. Mwaka 2024 Google Groups nayo ikaacha kupokea ujumbe mpya wa huko. Watu wakasema Usenet imekufa. Wapi!

Mimi natumia Eternal September, seva ya Usenet: bure, ila maandishi tu. Jisajili, kisha kwenye Thunderbird, programu ya barua pepe, ongeza akaunti ya makundi ya habari. Seva andika news.eternal-september.org, chagua SSL/TLS, poti 563. Ikikuuliza jina na nywila, weka ulizopewa. Anwani yako halisi ya barua pepe usiianike; watu wa spamu hawalali. Nikichoka na kazi, nahamia comp.lang.c, kundi la lugha ya programu ya C, wazee bado wanabishana kule.

Mafaili makubwa? Hayo utalipia kwingine.