Nesi uko peke yako wodini: jinsi ya kudai mapumziko na watu wa kutosha bila kuacha wagonjwa

Mahospitalini imezoeleka nesi anaingia saa 1:30 asubuhi anatoka jua linazama, chai kainywa kasimama dirishani, na ukimuuliza mbona hupumziki anakwambia kazi ya wito hii. Sawa, ni wito, ila ni ajira pia na ajira ina sheria. Naongelea Tanzania Bara hapa, uwe hospitali kubwa Dodoma mjini, ya misheni kule vijijini, kituo cha afya Bahi au zahanati ya ndani ndani huko Chemba ambako mko wawili na mmoja yuko semina.

Kwanza chukua rosta yako ya mwezi uhesabu masaa. Wengi hatuhesabu, tunajua tu tumechoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kawaida ni masaa 45 kwa wiki, siku zisizidi 6, na kwa siku masaa 9. Ukipitisha hapo ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu, muwe mmekubaliana, na ndani ya wiki nne isizidi masaa 50. Kazi ya siku moja haivuki masaa 12. Shifti za masaa 12 bila ovataimu zinaruhusiwa kama kuna makubaliano ya maandishi, ila hapo ni siku 5 kwa wiki basi, masaa ya kawaida ni yale yale 45, na ovataimu isivuke 10. Kwahiyo mtu anayekupanga naiti sita mfululizo kwa sababu "ndo utaratibu wetu" muombe akuonyeshe hayo makubaliano, kwa upole tu.

Alafu angalia mapengo katikati ya shifti, hapa ndo rosta nyingi zinaharibika. Kati ya kutoka na kuingia tena inatakiwa masaa 12 mfululizo. Umetoka shifti ya jioni saa 3 usiku, kesho saa 1:30 asubuhi unaripoti, hayo ni masaa kumi na nusu, na humo humo kuna bodaboda mpaka Nkuhungu, kupika, kuoga na mtoto anayelia. Kila wiki pia kuna masaa 24 ya kupumzika, na ukikubali kufanya kazi siku hiyo unalipwa mara mbili. Wanaokaa nyumba za watumishi ndani ya geti la hospitali wawe makini kidogo, yale 12 yanaweza kushushwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi. Kwa maandishi lakini, siyo kwa sababu taa ya kwako inaonekana kutoka wodini basi kila saa ni "sista njoo mara moja".

Sasa mapumziko yenyewe. Ukifanya kazi mfululizo zaidi ya masaa matano una haki ya kupumzika angalau dakika 60, kifungu cha 23. Mwajiri anaweza kukwambia ufanye kazi muda huo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mtu au hakuna mwingine wa kuifanya. Utasema basi imeisha hiyo, wodi haiachwi! Hapana, soma mbele: mwajiri halazimiki kulipa saa ya mapumziko ISIPOKUWA amekutaka ufanye kazi au uwe tayari kuitwa. Maana yake ukila ugali wako kwenye chumba cha sindano huku sikio liko kwa mgonjwa wa oksijeni, hiyo saa ni kazi, ihesabiwe kwenye masaa yako. Kwahiyo mwanzoni mwa shifti kabla hamjatawanyika ulizaneni nani anampokea nani saa ngapi, na iandikwe pembeni ya rosta. Mkiwa wawili inawezekana, mmoja saa 6 mwingine saa 7. Ukiwa peke yako haiwezekani, na ndo sababu mapumziko na upungufu wa watu ni kesi moja.

Utaambiwa ni dharura. Kweli sheria inalegeza masharti haya kwenye dharura ambayo haiwezi kufanyika ndani ya muda wa kawaida, na hakuna nesi mwenye akili atabisha. Basi likipinduka Kibaigwa watu wote wanaitwa na hakuna anayeangalia saa. Ila upungufu ambao upo tangu mwaka juzi na unajulikana kila Jumatatu hiyo siyo dharura, ni mipango.

Kuhusu idadi ya watu, California wana sheria ya wagonjwa wasiozidi watano kwa nesi mmoja kwenye wodi ya kawaida na wawili ICU (wodi ya mahututi). Sisi hatuna namba hiyo kwenye sheria ya kazi, tuna ikama, yaani idadi ya watumishi kila kituo kinayotakiwa kuwa nayo. Ikama ya Wizara ya Afya ya 2014 hadi 2019 iliweka zahanati watumishi 15 kwa uchache na kituo cha afya 39, kada zote pamoja. Ukiwaambia watu wa zahanati hiyo 15 watacheka mpaka machozi, ila ni karatasi ya serikali na inakupa pa kusimamia: ikama inataka hivi, tuliopo ni hawa. Ongeza na mzigo halisi, wanaojifungua kwa mwezi, waliolazwa, rufaa. Sentensi ya "tumezidiwa" haijawahi kuleta mtumishi mpya, namba angalau zinaingia kwenye bajeti.

Na hapa ndo penyewe, ANDIKA SIKU HIYO HIYO. Kwenye ripoti buku wakati wa kukabidhiana weka kitu kama hiki:

"Usiku: nesi 1, wagonjwa 38, oksijeni 4, damu 2 zinaendelea. Saa 5:10 nimempigia inchaji, hakuna wa kuongeza. Dawa za saa 6 zimeanza saa 7:20. Mapumziko sikupata."

Hakuna lawama humo wala hasira. Na dawa iliyochelewa iandikwe saa iliyotolewa kweli, usisaini saa 6 ili chati ipendeze, maana likitokea la kutokea Baraza la Uuguzi na Ukunga litasoma chati yako, rosta haitakuwepo mezani. Meseji kwa mkubwa nayo iwe fupi: "Shikamoo metroni, niko peke yangu wodi ya watoto, wapo 38, naomba msaada hata wa masaa mawili au tusipokee wapya wasio wa haraka." Akijibu hapana, ushahidi unao. Asipojibu, unao pia. Ila usiondoke wodini kwa hasira kabla hujakabidhi, ukifanya hivyo kesi inageuka yako.

Hela ya usiku tusiisahau. Kuanzia saa 2 usiku hadi 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mshahara wa 600,000 gawa kwa 4.333 (wiki za mwezi) alafu kwa 45 (masaa ya wiki), unapata kama 3,077 kwa saa, nyongeza yake 154, naiti nzima 1,540. Naiti kumi ni 15,400, hela ya vocha na chapati, lakini ni yako. Anayenyonyesha ana hadi masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi.

Ikishindikana kwa inchaji na metroni pelekeni barua ya pamoja kwa mganga mfawidhi, nakala kwa tawi la TUGHE (chama cha wafanyakazi wa serikali na afya), na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mgomo usifikirie, afya ni huduma muhimu kisheria na mgomo umezuiwa. Wa sekta binafsi na misheni anaenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), fomu namba 1, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, na kama umefukuzwa ni siku 30 tu. Mtumishi wa umma lazima amalize kwanza njia za ndani ya utumishi, Tume ya Utumishi wa Umma ikiwemo. Rosta piga picha kila mwezi kabla haijabanduliwa ukutani, ripoti buku pia, ila funika majina ya wagonjwa kwanza.