Sproketi za pikipiki ya lami na vumbi: punguza jino moja mbele kwanza, mengine baadae

Wakuu, swali la "niweke sproketi ya ngapi", yani gurudumu la cheni liwe na meno mangapi, halijawahi kuisha kwa watu wenye hizi pikipiki ndefu za lami na vumbi, CRF, DR, KLR, XR na wenzake, na majibu mengi unayopata ni "mi nimeweka 13 mbele, tamu balaa", basi, hakuna anaemuuliza huyo mwenye tamu anaendesha wapi, na nani, na mzigo gani nyuma. Sproketi sio kama taa za mapambo kwamba zikimpendeza mwenzio na wewe zitakupendeza, inategemea barabara yako inakusumbua wapi.

Kabla ya yote hesabu meno uliyonayo sasa hivi. Namaanisha piga goti hesabu, mbele na nyuma, au futa tope usome namba iliyogongwa kwenye chuma. Pikipiki nyingi tunanunua mkononi mwa mtu na yule wa kwanza alishabadilisha kitambo, afu we unakuja kusema "ya kampuni iko mbio sana" kumbe hujawahi kuendesha ya kampuni hata siku moja. Kwa kukusaidia, Honda CRF250L inatoka kiwandani na 14 mbele na 40 nyuma, CRF300L nayo hivyo hivyo, Suzuki DR650SE ni 15 kwa 42, KLR650 ni 15 kwa 43, DRZ400S ni 15 kwa 44. Yamaha WR250R yenyewe imekuja na 13 kwa 43, kwa iyo ukimsikia mwenye WR anakwambia "13 mbele haina shida yoyote" jua yeye hajabadilisha kitu, ndo alivyoikuta.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, gawa meno ya nyuma kwa ya mbele. CRF 40 kwa 14 unapata 2.86. Namba ikipanda, pikipiki inapata nguvu ya kuvuta na kupanda ila spidi inashuka kwa mzunguko ule ule wa injini, ikishuka namba unapata kukimbia na injini inatulia kwenye lami ila milima inakuwa kesi. Sasa weka 13 mbele bila kugusa nyuma, unapata 3.08, umeongeza kama asilimia 8. Ukitaka kuipata hiyo hiyo kwa kubadilisha ya nyuma peke yake inabidi uende 43, yani jino moja mbele linafanya kazi ya meno matatu nyuma. Na bei unaijua mwenyewe, ya mbele ni kipande kidogo tu cha chuma, ya nyuma ni hela inayoonekana. Ndo maana kila anaeniuliza namwambia aanze na ya mbele, jino moja, aendeshe kwanza barabara zake zote mpaka azichoke ndo aamue. Watu wanaruka moja kwa moja 13 kwa 44 (hapo umepanda asilimia 18 na kitu) afu wakiingia lami wanashangaa gia zote sita zimeisha na lori la mafuta linawapigia honi.

Nikupe mfano wa barabara. Ile ya kutoka Chimala kupanda Matamba kwenda Kitulo, ile watu wanayoiita Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake, inakuonesha shida ya sproketi vizuri kuliko maelezo yoyote. Kona zimejikunja, vumbi ni laini, kuna mawe yaliyolegea, na kadri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi na injini inapungukiwa nguvu, Kitulo yenyewe iko kwenye mita 2,600 hivi. Pikipiki ya cc 250 yenye gia ya kiwandani ukiwa na begi na mafuta ya akiba, unaingia kona gia namba moja unajikuta uko mbio kuliko unavyotaka, ukiachia mafuta inaanza kugonga gonga kama inataka kuzima, kwa iyo unaishi na klachi nusu nusu kona zote, na klachi inanuka kabla hujafika juu. Jino moja mbele linamaliza hilo tatizo, unapita kona na klachi umeiachia kabisa, namba moja au mbili, mkono wa kushoto unapumzika.

Ila huyo huyo akishuka akarudi barabara kuu ya Tanzam anaelekea Makambako, pale alipokuwa anatembea 100 kwa mzunguko ule ule wa injini sasa anapata kama 93. Kwa 250 hiyo inauma, injini inalia muda wote. Kwa 650 haiumi kivile, DR650 ya 14 kwa 42 inakuja 3.0 kamili na bado inatembea lami vizuri tu, ndo maana wenye DR wengi wanaishia hapo na hawahangaiki tena. Na kama we safari zako ni Dar Morogoro Dodoma, vumbi unaliona kwenye picha, usipunguze chochote, tena mwenye KLR anaweza kwenda 16 mbele akafurahi zaidi. Hakuna aibu.

Kitu kingine wanachosahau ni spidi inayosomeka kwenye dashibodi. Kama pikipiki yako inasoma spidi kwa waya unaotoka tairi la mbele, mfano DR650, hakuna kitakachobadilika. Ila kama inasomea kwenye gia boksi au sproketi ya mbele, ukipunguza jino itakudanganya kwamba unakimbia kuliko ukweli, na kilomita za kumwaga oili nazo zitajihesabu haraka.

Usishuke chini ya 13 kwenye cheni ya 520 (hiyo ni namba ya saizi ya cheni) kama huna sababu nzito. Sproketi ikiwa ndogo cheni inajikunja kwa kona kali zaidi kila inapopita, inachoka mapema, na pia inashuka karibu na ile plastiki inayolinda foku ya nyuma (ule mkono unaoshika tairi la nyuma) mahali inapobembea. Kichungulie hicho kiplastiki mara kwa mara, kikiisha cheni inaanza kula foku yenyewe, na hiyo ni aluminiamu, inalika haraka. Nyuma nako kila jino unaloongeza kwenye 520 linaongeza kama milimita 2 na nusu kuelekea chini na juu, meno manne ni sentimita nzima, hapo angalia kava la cheni na ile gaidi ya chini kama vinapitisha, na mawe pia yatakuwa yanakusalimia.

Chuma au aluminiamu? Kwa mchanga na tope letu chukua chuma, mjadala umeisha. Aluminiamu ni nyepesi na zinapendeza kwa rangi ila mchanga ukichanganyika na oili ya cheni unakuwa kama msasa, na wenye mashindano wanabadilisha kila saa, we huna hiyo bajeti. Kampuni ya JT wanatengeneza za chuma kwa karibu kila modo. Hakikisha saizi ya cheni, boda nyingi zinatumia 428 na hizi kubwa nyingi ni 520, DR650 inatoka na 525. Za 520 na 525 zina urefu sawa kati ya pini na pini, milimita 15.875, tofauti ni upana, kwa hiyo dukani ukiziangalia kwa haraka zinafanana kabisa. Usichanganye. XT250 na TW200 ni 428, usije ukanunua kwa kukisia.

Cheni ya zamani na sproketi mpya je? Kama cheni bado mbichi na unajaribu tu jino la mbele, sawa, endelea. Kama imetembea, badilisha vyote vitatu pamoja, cheni iliyochoka inatafuna meno mapya ndani ya muda mfupi sana. Kupima, shika cheni pale katikati ya nyuma ya sproketi kubwa uivute kuelekea nyuma, ikiachana na meno mpaka unaona mwanga wa nusu jino, imeisha. Ukitaka kwa rula, ivute ikaze, pima pini 21, yani nafasi 20 kati yake, mpya ya 520 inasoma milimita 317.5, Suzuki wanaikataa ikivuka 319.4 na Kawasaki wanavumilia mpaka 323. Pima sehemu tatu nne maana cheni haichoki sawa sawa.

Sasa kufunga. Osha kwanza, hasa nyuma ya kava la sproketi ya mbele, pale tope na grisi ya zamani vimegandana kama udongo wa mfinyanzi, kwangua na bisibisi uitoe yote. Na wakati huo huo angalia sili ya shafti kama inavuja oili, maana ukishafunga hutoiona tena mpaka chini ya pikipiki kuwe na dimbwi.

Legeza sproketi ya mbele wakati cheni bado imefungwa na tairi liko chini, hii mafundi wengi chipukizi wanaikosea, wanatoa cheni kwanza afu nati haina cha kuishikilia wanaanza kuchomeka bisibisi kwenye meno. Weka gia, mtu akanyage breki ya nyuma kwa nguvu, ndo uzungushe nati. Kama ina washa ya kukunja, inyooshe kwanza na patasi, na washa mpya inunue kabisa, ile ya zamani ukiikunja mara ya pili pale pale inapasuka. Nyingine hazina nati, zina bamba na bolti mbili ndogo, hizo ni rahisi ila ukikaza kama unakaza nati za lori unakata bolti ndani ya shafti na hapo siku imeharibika. Legeza pia nati za sproketi ya nyuma kabla hujatoa tairi, kwa sababu hiyo hiyo.

Ya nyuma ikitoka, futa habu mpaka chuma kionekane safi, punje moja ya mchanga ikibaki kati sproketi inakaa upande na cheni inakuwa inakaza na kulegea kila mzunguko. Kama habu yako ina raba ndani, DR na KLR zinazo, zicheki zisiwe zimelegea. Weka maandishi yaangalie nje, kaza kwa msalaba kidogo kidogo, kipimo cha kukaza kipo kwenye kitabu cha pikipiki, loktaiti ya bluu (gundi ya kushikilia nati) kidogo kama nati sio zile zinazojifunga zenyewe.

Urefu wa cheni: ukipunguza jino moja mbele tairi linarudi nyuma kama milimita 4, ukiongeza mawili nyuma linakuja mbele kama 8. Jino moja kwa hiyo mara nyingi cheni ile ile inatosha. Ukienda meno manne nyuma ni milimita 16, hapo uwezekano mkubwa unahitaji cheni ndefu, CRF250L inatoka na pingili 106 basi tafuta 108. Ukikata mpya, sukuma tairi mbele, izungushe juu ya sproketi zote mbili ndo uweke alama, na kumbuka cheni inakatwa pingili mbili mbili. Saga vichwa vya pini kwa grenda kwanza kabla ya kuzisukuma. Loki ya klipu (kile kiungo cha kuunganishia cheni), upande uliofungwa uangalie kule cheni inakoelekea, ikiwa juu basi uangalie mbele. Kwa 650 mi ningeweka ya kugonga pini, ile ya klipu ibaki kwenye begi kama akiba.

Kulegea kwa cheni ndo sehemu nataka uitulize akili, kwa sababu hizi pikipiki tairi la nyuma linapanda na kushuka safari ndefu kuliko boda. Fundi aliyezoea boda atakukazia cheni mpaka ipendeze machoni, na imekaza kupita kiasi. Cheni inakaza zaidi pale ekseli ya nyuma, bolti ya foku inapobembea na sproketi ya mbele vikiwa mstari mmoja. Chukua mkanda wa kufungia mizigo, funga kiti na tairi la nyuma uvute mpaka hivyo vitu vitatu vinyooke, au waite jamaa wawili wenye miili wakae, afu gusa cheni, bado iwe na mchezo upana wa kidole hivi. Achia, pima kulegea ikiwa imesimama kawaida, hiyo namba iandike ndani ya kava la kiti. Nyingi zinaangukia kati ya milimita 30 na 50, stika kwenye foku inakwambia ya kiwanda. Ikikazwa zaidi ya hapo kila shimo unalopiga unaivuta shafti ya gia boksi na beringi zake, na ile sili niliyokwambia uiangalie ndo inaanza kuvuja.

Alama za kwenye foku usiziamini sana, chungulia cheni kutoka nyuma kama unavyochungulia ubao kuona kama umepinda, ikae mnyoofu toka sproketi mpaka sproketi. Kaza ekseli, zungusha tairi kwa mkono (injini imezima wakuu, vidole haviuzwi), endesha kilomita chache ya vumbi, rudi uguse nati zote za nyuma na za mbele kwa spana, kisha pima cheni tena maana mpya inalegea kidogo mwanzoni.