Joto la ghafla la ukomo wa hedhi: namna ya kulidhibiti hatua kwa hatua

Joto hupanda kutoka kifuani hadi usoni, moyo unaenda mbio, jasho linatiririka, kisha unasikia baridi. Estrojeni, homoni ya kike, inaposhuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka: joto likizidi kidogo tu, inaamuru mwili ujipoze. Mara nyingi hupita baada ya dakika 1 hadi 5. Mimi ni muuguzi, na wanawake wanaonijia nawaelekeza hivi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni lenyewe. Wengi hufikia ukomo kati ya miaka 45 na 55. Jasho la usiku likiandamana na homa, kikohozi au kukonda, kapime kwanza. Linaweza kuwa kifua kikuu. Na ukitokwa na damu baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda hospitali, hata likiwa tone.

Hatua ya 2: Weka daftari. Kwa wiki 2 andika saa lilipokujia, ulichokula au kunywa, na kama lilikuamsha. Pombe, pilipili na vinywaji vya moto hulaumiwa sana, ila miili hutofautiana. Acha kile tu ambacho daftari limekionyesha. Kujinyima kahawa isiyokudhuru ni kujitesa bure.

Hatua ya 3: Andaa usiku. Vaa pamba nyepesi, jifunike mashuka mepesi unayoweza kuyatoa moja moja, weka maji baridi karibu. Haya hupunguza kero. Joto lenyewe hayalizuii.

Hatua ya 4: Dai tiba. Hapa dada zangu wengi huchelewa, kwa sababu wameambiwa wavumilie. Kama hulali au kazi inakushinda, huna sababu ya kuvumilia. Homoni ndizo zenye nguvu kuliko dawa nyingine zote, na hufaa zaidi ukiwa hujafika miaka 60 au haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome. Ambaye hajatolewa kizazi hupewa estrojeni pamoja na projestojeni, homoni inayokilinda kizazi, maana estrojeni peke yake huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda mishipani, kwa kawaida hapewi. Kwake zipo dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini na gabapentini. Ukiwa unatumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, mkumbushe daktari kabla hajakuandikia paroksetini, dawa nyingine isiyo ya homoni, kwa kuwa huipunguzia tamoksifeni nguvu.

Nenda na daftari lako, na uendelee kuliandika ukishaanza dawa, ili daktari aone kama dozi inatosha.