Andikianeni mali kabla ya nikaha

Wanangu mnaoletewa posa, na ninyi vijana mnaoipeleka: mahari mnaandikishiana mbele ya wazee, lakini boma la nyumba ambayo haijaisha, shamba na deni la kikoba cha kuweka na kukopa vinabaki mdomoni. Mimi ni somo hapa Ngamiani, Tanga. Mwari akiletwa kwangu kufundwa, kabla sijagusa mambo ya chumbani namuuliza kama yeye na mchumba wake wameandikiana. Wengi hawajaandikiana.

Anayehitaji zaidi mkataba wa kabla ya ndoa, kwa ninavyoona mimi, ni mjane anayeolewa tena akiwa na watoto. Nyumba aliyoacha marehemu ina haki ya mayatima ndani yake, na baba mpya, hata awe mwema vipi, aingie akijua hivyo kwa maandishi. Wa pili ni mwanamume mwenye mke tayari. Aorodheshe alichochuma na mkubwa, ili mdogo asije akakidai wala kunyimwa kilicho chake. Na yeyote mwenye kiwanja, biashara au mkopo wa benki naye aandike.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa haihamishi umiliki wa mali: ulichokuja nacho ni chako, ila mkikubaliana vingine. Mtu ataniuliza, basi mkataba wa nini?

Ni kwa sababu ya boma. Tuseme una boma lako Pongwe limefika lenta. Umeolewa, mume kanunua mbao na bati, mmepaua, mmepiga plasta, mmehamia. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyochuma pamoja, na humo inaingia hata mali ya kabla ya ndoa iliyoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzako au na nguvu zenu wote. Mkifikishana huko, kila mmoja ana hesabu zake kichwani, risiti za bati hazionekani, na fundi aliyepaua keshahamia Dar es Salaam. Nimeona ndugu wa damu wakitukanana barazani kwa mambo ya namna hii.

Kwa hiyo chukueni daftari, kila mtu na ukurasa wake. Andika mali, ilipo, karatasi yake ni ipi (hati, au mauziano ya serikali ya mtaa) na imefikia hatua gani siku hiyo. Boma lipigeni picha. Halafu amueni fedha ya mwenzako ikiingia humo itakuwa zawadi, mkopo au hisa. Iandikwe wazi: "Kiwanja na boma la Pongwe ni mali ya mke. Fedha ya mume itakayotumika kulimalizia itampa hisa kulingana na risiti." Mimi napendelea hisa, maana aliyepaua naye katoa jasho. Shamba la machungwa la Muheza kama ni la ukoo, waulizeni wazee kwanza. Huwezi kuandikiana cha watu.

Madeni yote yatajwe, hata ya kikoba. Mtakachonunua ndani ya ndoa, semeni kitaandikwa jina la nani, kwa sababu kikiwa na jina moja sheria inaanza kwa kudhani ni cha mwenye jina, na kikiwa na majina mawili inadhani mna haki sawa. Mama wa nyumbani asikubali kuandikwa kwamba hachangii. Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishatamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali.

Malezi ya watoto msiyafunge humo. Mahakama itaangalia ustawi wa mtoto. Mkataba huu pia haushiki nafasi ya wasia wala mirathi. Mahari ni ya mke, hayahesabiwi.

Wazee wakisema mnaitabiria ndoa talaka, wakumbusheni kwa adabu kuwa aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo, na hakuna aliyesema aya hiyo inaleta ugomvi.

Muda nao muuangalie. Taarifa ya ndoa hutolewa siku 21 kabla. Daftari liwe limeshafika kwa wakili kabla ya hapo, aligeuze kuwa mkataba. Bibi harusi asiwekewe karatasi mbele usiku wa kuamkia harusi, kapakwa hina mikono yote, akaambiwa tia sahihi. Kila mmoja apate mtu wake wa kumsomea na kumshauri, mtie sahihi kwa hiari, na kila upande utoe shahidi. Nakala moja kwa mke, moja kwa mume, moja ibaki kwa wakili. Mkinunua kiwanja kingine baadaye, rudini kwake muongeze ukurasa.